Masanduku ya Tshimanga Iko Inje

Mbayo, masoni, fundi wa simenti, alisimama mu katikati ya salon, akapiga chini na kisigino mara mbili, akainamisha kichwa sawa dokotere mwenye anasikiliza kifua ya mugonjwa.

“Mama, hii haiko simenti tena. Hii ni biskuti.”

“Njo maana nilikuita,” Mianda akamujibu. “Kama ingekuwa simenti, ningeita padri aibariki.”

Mbayo akacheka, akazunguka. Kila fasi alikanyaga, mavumbi ikapanda. Kisha macho yake ikafika pa masanduku saba ya chuma yenye ilipangwa pa kibambazi, kila moya na kufuli yake, na numero yake ya rangi nyeupe.

“Na hii? Muko mu safari?”

“Hapana. Ni ya bwana yangu.”

“Basi yeye njo eko mu safari?”

“Tangu miaka makumi mbili na mbili,” Mianda akasema. “Ingia mu chumba, uone na kule.”

Mu avenyu ile ya Dilala, mu nyumba ya zamani ya kampuni, hakuna mwenye hakujua masanduku ya Tshimanga. Mwaka wa tisini na tatu, wakati bantu ya asili ya Kasai balifukuzwa Kolwezi, Tshimanga alipitisha miezi ine pa station, analala chini pamoja na bibi yake na mama yake, anangojea treni. Kisha miaka sita kule Kasai akarudia Kolwezi, akapata tena kazi, akapata tena nyumba, mais akaapa: siku ingine haitamukuta na mikono mitupu. Kwa hiyo kila kitu mu nyumba yake ilipaswa kuweza kutoka mu saa moya. Bitanda ilifungwa na buloni, hata musumari moya hapana. Masahani ya muzuri ililala mu majani makavu, mu sanduku numero mbili. Rido ya dirisha, hakuna. Kila mwaka, wakati ya baridi, alisimamisha familia, akaangalia saa ya mukono, akasema “Tuende,” na bote bakabeba mupaka pa mulango. Mwaka wenye ulipita balifanya dakika makumi ine na moya. Tshimanga alifurahi sawa vile mutoto wake Ndaya amepita egzame ya Leta.

Bajirani balimucheka. Mais asubuhi, mbele ya kunawa uso, kila mumoya alichungulia kwanza mu lupango, kiwanja ya nyumba ya Tshimanga. Kama masanduku ya Tshimanga iko ndani, basi inchi iko salama.

Na mwaka ule, elfu mbili na kumi na tano, bantu balichungulia sana. Katanga ilikuwa imekatwa mu provensi ine. Bei ya mukuba, ile shaba ya bachimbaji, ilianguka, na makampuni ilikuwa inatuma batumishi nyumbani kikundi kwa kikundi. Pa soko ya Manika balikuwa banasema kama siku ya lundi, Jumatatu yenye inakuya, kila muntu ataambiwa arudie kwabo. Nani alisema? Hakuna mwenye alijua. Ilikuwa maneno tu, inapanda moto, ile pikipiki, na kushuka sawa abiria.

Mianda naye alikuwa na woga yake, mais haikuwa ya treni.

Mwezi wenye ulipita, jirani yabo Godelieve alikufa. Godelieve alimulomba bwana yake simenti ya chini miaka kumi, na kila mwaka alijibiwa “tutaona.” Siku alikufa, bandugu bakakutana, bakachanga, na mu siku mbili nyumba ikapata simenti, ikapata rangi ya kijani, rido mupya na ampule mbili ya taa pa baraza, juu bageni ya matanga basione vibaya. Mianda aliikala pa mukeka pamoja na ba mama bengine, akapitisha mukono pa ile simenti. Ilikuwa laini sawa sahani. Na mwenye nyumba eko pale katikati, amelala, haoni kitu.

Akarudia kwake. Akafungua sanduku numero tatu, akatoa kopo ya maziwa ya unga yenye makuta ya njia, feza ya kuhama, ilikuwa ndani: makuta ya treni, ya chakula ya safari, ya kuanzia maisha kule. Akalipa simenti, akalipa muchanga, akalipa Mbayo. Yote. Bwana yake hakujua.

Hiyo njo ilikuwa woga yake.

* * *

Siku ya kazi ilikuwa jeudi, siku ine mbele ya ile lundi. Tshimanga aliondoka asubuhi na moto kuenda ku depo, kwenye aligawanyaka biatu na kofia ya bachimbaji. Vumbi ya ile moto haijatulia, Mbayo na mwenzake bakaingia.

“Mama, masanduku tuweke wapi?”

“Nyuma kuko muchanga yenu. Muweke mbele.”

Bakaiweka mbele, karibu kabisa na avenyu. Masanduku saba, bitanda mbili yenye ilitoshwa buloni, meza, biti, ndoo, na juu yake bakatupa bashi ya bluu, turubai kubwa, juu mvua isicheze nayo. Mianda akaangalia saa bila kutaka. Dakika makumi mbili na tisa. Hata Tshimanga mwenyewe hakufikaka pale.

Saa tatu, simenti ya kwanza ilikuwa imemwangwa mu kona ya salon, na Mianda alikuwa inje pa meko, anatengeneza sombe, majani ya muhogo, ya bamasoni. Jocelyne, jirani wa mukono wa kuume, akakuya pa luba, boma ya majani ya lupango. Sauti yake ilikuwa chini, sawa mu kanisa.

“Mama Ndaya. Ni saa ngapi?”

“Naona kama saa tatu.”

“Haiko ile nauliza.”

“Unauliza nini?”

Jocelyne akaangalia masanduku, akaangalia Mianda mu macho, akatikisa kichwa pole pole.

“Bon. Nimesikia. Miaka kumi na tano tuko pamoja. Nilikupatia chumvi, nilikulindia Ndaya wakati ya surua. Na leo haiwezekane kuniambia saa. Bon.”

Akaenda mbio, kitenge inataka kuanguka.

Mianda akabakia na mwiko mu mukono. Akazania Jocelyne amekasirika juu hakumuambia mbele kama anatia simenti. Wivu ya simenti iko kweli, alikwisha kuiona pa bantu ya heshima. Akasema mu roho: mangaribi nitamupelekea sombe, itapita.

Mais haikupita. Kisha nusu saa, nyundo ikaanza kulia ngambo ya avenyu. Kisha ingine, chini kidogo. Kisha mutoto analia, mama anamugombeza, kuku zinafukuzwa. Mianda akatoka mupaka pa avenyu. Tata Muamba, muzee wa miaka makumi saba mwenye alikuwa anaishi peke yake tangu bibi yake alikufa, alikuwa amepanda pa kiti, anangoa mulango yake ya mbele.

Na pale njo pousse-pousse ya Stany, mukokoteni ya mikono, ikaingia mu avenyu.

Stany alikuwa anachuuza milango, madirisha na manjanja ya paa ya zamani. Hakuwa muntu mubaya. Alikuwa na batoto sita na alisikiaka harufu ya kuhama sawa vile imbwa inasikia nyama. Akasimama pa lupango ya Mianda, akaondoa kofia, akatoa chaki mu mufuko.

“Ba mama, pole. Hii dirisha ya salon, mbao yake iko muzuri. Na mulango. Nitawasaidia.”

“Utasaidia nani?”

“Nyinyi. Bengine batawapa nusu ya bei yangu.” Na akainama, akapiga msalaba mudogo ya chaki pa dirisha, mbele ya macho yake, sawa nyumba haina mwenyewe.

“Ondosha ile kitu,” Mianda akasema.

“Mama, ni ya kukumbuka tu, juu mwingine asiikamate. Avenyu yote inaenda.”

“Inaenda wapi?”

Stany akamuangalia na huruma ya kweli. “Mama, masanduku ya Tshimanga iko inje.”

Mianda akageuka. Akaona vile bote balikuwa banaona: masanduku saba, bitanda ilifunguliwa, bashi ya bluu. Akasikia baridi mu jua ya saa ine.

* * *

Alienda kwanza kwa Muamba.

“Tata, shuka. Hatuendi fasi. Natia simenti.”

Muzee hakushuka. Skurubu alikuwa nazo mu kinywa, akazitema moya moya mu mukono mbele ya kusema.

“Mwanangu, mu tisini na tatu jirani yangu aliniambia anafua mablanketi. Nikamwamini. Mangaribi, yeye eko pa station amepata fasi ya muzuri chini ya paa, mi niko inje mu mvua na mablanketi yangu makavu mu nyumba kwenye siwezi kurudia.”

“Kuya uone na macho. Simenti iko mu salon.”

Bakakuya kweli: Muamba, Jocelyne, na bengine saba ao munane, bakasimama pa mulango bila kuingia. Mbayo alikuwa amepiga magoti mu kona, anapitisha truelle, mwiko yake ya simenti, anafutafuta kama anapakaa mutoto mafuta. Kazi yake ilikuwa inang’aa. Hakuna mwenye alimusifu.

“Munaona?” Mianda akasema. “Nani anatia simenti mu nyumba kama anataka kuiacha?”

Stany, nyuma yabo, akakohoa. “Samahani, mama. Mi niko mu hii kazi miaka mingi. Muntu akitengeneza nyumba, anataka kuiuzisha. Anapiga rangi, anaziba matundu, mununuzi anakuya, bei inapanda. Nyumba yenye bantu bataishi ndani, nani anaitengenezaka?”

Na bote bakaitika na kichwa, juu ilikuwa kweli. Mu avenyu yote hakuna mwenye aliona nyumba inatengenezwa isipokuwa kwa kuuzishwa ao kwa matanga.

“Na mu nyumba yenu,” Jocelyne akamuuliza, sauti yake ikipasuka kidogo, “nani amekufa?”

Mianda akapangusa mikono pa kitenge. Angewaambia nini? Kama alitaka kukanyaga simenti ya muzuri na miguu yake mwenyewe, akiwa muzima? Mbele ya bantu benye banangoa milango, maneno ile ilikuwa na haya.

“Mungojee Tata Ndaya,” akasema. “Yeye atawaambia.”

“Tumungojee atuambie,” Muamba akasema, “ao tumungojee atupite?” Na akarudia pa kiti yake.

Saa tano, mulango ya Muamba ilikuwa imelala pa pousse-pousse. Stany alimupatia bei yenye muntu angelipa kwa mbuzi yenye inakohoa. Muzee alihesabu ile noti mara tatu, akaiingiza mu soksi. Nyumba yake ikabakia wazi, inaangalia avenyu na giza yake ya ndani, na Mianda hakuweza kuangalia kule. Jocelyne alikuwa ametuma dada yake mu Manika kuuliza kama kuko treni ya marchandise, ile ya mizigo. Mutumishi wa duka alikuya kulomba madeni yake mbele bantu basipotee.

Yote hii juu ya mwanamuke moya mwenye alitaka chini laini. Alikaa pa sanduku numero tano, mikono pa magoti. Kama ile maneno ya lundi ingekuwa kweli, alikuwa amekula njia ya familia yake. Kama haikuwa kweli, alikuwa amevunja avenyu. Pa pande zote mbili, hakuona fasi ya kusimama.

* * *

Tshimanga alifika saa sita kasoro. Haikuwa saa yake ya kurudia. Alishuka pa moto pole pole, muntu munene wa miaka makumi tano na ine, sakoshi yake chini ya kwapa. Akaona avenyu. Akaona milango chini. Akaona bashi ya bluu pa kwake. Uso yake ikakuwa sawa majivu, na mukono yake ikaenda peke yake pa saa.

“Mianda. Imeanza?”

“Tata Ndaya—”

“Ngoja.” Akahesabu na kidole. “Saba. Bitanda. Meza. Yote iko. Dakika ngapi?”

“Makumi mbili na tisa.”

“Bila mi?” Na pale, mu katikati ya woga yake yote, akatabasamu. “Makumi mbili na tisa. Umefanya bien, bibi yangu. Ngoja nikamate lampe.” Akanyanyua muguu kuingia mu nyumba.

“Tata, kiatu,” Mbayo akasema kutoka ndani, bila haraka.

Muguu ya Tshimanga ikabakia juu. Akaangalia chini. Salon yake ilikuwa inang’aa mbele yake sawa maziwa, toka kona moya mupaka ingine. Akaangalia Mbayo. Akarudisha muguu nyuma na adabu, sawa muntu aliyekosea nyumba.

Kwa ile wakati avenyu yote ilikuwa imefika. Hakuna mwenye alipiga kelele. Balisimama tu, mikono inapiga mavumbi pa kitenge, banangojea. Muamba njo aliuliza.

“Tata Ndaya, wewe haukosake. Tuambie tu: treni ni ya saa ngapi?”

“Treni gani?”

“Masanduku yako iko inje.”

“Nimeiona. Mi nilizania ni nyinyi benye munaenda.”

Bakaangaliana. Tshimanga akamugeukia bibi yake, na Mianda akajua kama saa imefika, na kama itakuwa mbele ya bantu bote.

“Nani alimulipa huyu masoni?” akauliza.

“Mi.”

“Na makuta gani?”

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema ndugu yake alituma. Akaangalia Muamba, na ile nyumba yake haina mulango.

“Ya kopo,” akasema.

“Kopo gani?”

“Ya sanduku numero tatu. Makuta ya njia.”

“Ngapi?”

“Yote, Tata Ndaya. Iko pale chini. Mbayo amemaliza kuilainisha.”

Ndani, truelle ikasimama. Tshimanga akatafuta fasi ya kuikala, akaikala pa sanduku, na ilikuwa ile ya numero tatu, na haikulia kitu.

Jocelyne njo alianza kucheka. Alianza na pua, sawa mutoto mu misa, kisha ikamushinda.

“Bantu yangu,” akasema, “Tshimanga hana tiketi.”

“Unacheka nini?” mwingine akauliza.

“Haumuone? Miaka yote alisema: siku nitatoka, nitatoka wa kwanza, makuta yangu mu mukono. Ile makuta imekuwa simenti. Muntu anaweza kukudanganya na kinywa, mais angalia ile uso yake. Uso ya muntu mwenye anaenda safari haiko vile.”

Bote bakaangalia uso ya Tshimanga. Ilikuwa kweli. Hakuna mwigizaji wa dunia angeweza kutengeneza uso ile. Na Muamba, mwenye alikuwa hajacheka tangu bibi yake alikufa, akashika kiuno, akacheka mupaka akalomba muntu amushikilie.

“Kama Tshimanga hana makuta ya treni,” akasema akifuta macho, “mi na miguu hii nilikuwa nakimbia na nani?” Akatoa noti mu soksi, akatembea mupaka pa pousse-pousse. “Stany, mwanangu. Kamata. Nipe mulango yangu.”

“Tata, biashara ni biashara. Hata makuta ya kusukuma hautanipa?”

“Nitakupa sombe. Mama Ndaya alipika mingi.”

Stany akaangalia mulango, akaangalia muzee, akaangalia chungu. Akavuta pumzi. Kisha akakamata mulango pa mugongo yake mwenyewe, akairudisha, akaishikilia wakati Muamba anatafuta skurubu yake mu majani. Wakati alirudia kukula, alipita pa dirisha ya Mianda na akafuta chaki na kiko ya mukono.

* * *

Nyundo ilikuwa inalia tena mu avenyu yote, mara hii ikirudisha. Bamasoni balikula, bakarudia mu chumba. Mianda na Tshimanga bakabakia inje, mu katikati ya mali yabo, bantu banapita banawaona sawa bitu ya soko.

“Miaka makumi mbili na mbili, Mianda,” akasema chini chini. “Noti kwa noti.”

“Najua.”

“Mama yangu alilala chini pale pa station. Ulimuona.”

“Nilimuona. Nililala pembeni yake.” Sauti yake haikupanda. “Tulikaa pale miezi ine, Tata Ndaya. Kisha tukatoka, na wewe ukaibeba ile station, ukaileta mu salon. Ndaya amekomaa mu station. Mi nazeeka mu station. Sitaki banitilie simenti siku nitakuwa nimelala katikati, bageni banasema: nyumba yake iko muzuri.”

Tshimanga alikuwa anafunguafungua sakoshi yake na kuifunga.

“Leo bametutuma nyumbani,” akasema mwishoni. “Depo yote. Hakuna tarehe ya kurudia. Njo maana niko hapa saa hii. Njia yote pa moto nilikuwa najisemea: haizuru, kopo iko.”

Mianda akafunga macho. Kazi hakuna, kopo hakuna. Alikuwa tayari kwa kelele. Kwa hii sauti ya pole pole hakuwa tayari.

“Nitaanza kuuzisha mikate asubuhi,” akasema. “Nitafanya kila kitu.”

Mbayo akatoka ndani, mikono myeupe, akanyoosha mugongo.

“Imekwisha. Sasa musikilize, juu bantu hawasikilizake. Kesho kutwa munaweza kukanyaga, pole pole. Mais kumwanga mayi, siku saba. Asubuhi, saa sita, mangaribi. Mukiiacha ikauke haraka, itapasuka yote. Inaomba muntu wa kukaa nyumbani.” Akazunguka na macho. “Muko na muntu mwenye hana kazi?”

Mianda akaangalia chini. Akasikia kitu pembeni yake, sauti ndogo. Akaogopa kuangalia: akazania bwana yake analia. Tshimanga alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, tumbo yake inaruka, sakoshi ikaanguka chini.

“Tuko naye,” akasema. “Tangu saa ine ya leo.”

Kisha akasimama, akaenda mupaka pa mulango, akavua biatu, akachungulia ndani mikono nyuma, sawa inspektere. Akaangalia muda murefu.

“Kona ile ya kushoto,” akasema, “haujaiacha juu kidogo?”

“Tata, niveau, kipimo ya usawa, ilipita pale mara mbili.”

“Ipitishe tena. Bibi yangu anaumwaka magoti.”

* * *

Ile usiku mbili ya kwanza balilala kwa Jocelyne, na Jocelyne akawaambia vile iko yote yenye alikuwa anafikiri juu yabo ile asubuhi. Samedi, ile kesho kutwa ya Mbayo, bakaingia. Ndaya akapata ruhusa ya kukanyaga na soksi.

Ile lundi ikafika. Mama wa mikate akapita pa saa yake. Baradio zikapiga muziki, kisha habari, kisha muziki. Pa kona, ba moto balikuwa banagombana juu ya abiria moya. Saa mbili, saa tatu, hakuna mwenye alikuya kusema kitu kwa muntu yeyote, na pa soko maneno ilikuwa imekwisha kugeuka: sasa balisema bei ya sukari.

Mianda alikuwa pa meko na mikate yake ya kwanza. Kupitia dirisha alimuona bwana yake, suruali imekunjwa mupaka pa magoti, ndoo mu mukono moya na kopo ya maziwa mu mukono mwingine, anamwanga mayi kidogo kidogo, anarudia nyuma, anaangalia, anamwanga tena. Mbayo alisema simenti imekwisha kushika. Tshimanga hakutaka kusikia.

Muamba akafika pa mulango, akapiga hodi.

“Ba Tshimanga, muliamuka?”

“Tuliamuka, tata. Ingia,” Tshimanga akajibu. “Mais pita pembeni. Pale katikati iko bado mubichi.”